Vijana wa Kindu na afya yao: kweli au uongo?

Mjini Kindu, tangu Kasuku na Mikelenge hata ng'ambo ya mto Lualaba kule Alunguli, husemwa mengi kuhusu vijana na afya. Tumechukua matano, tukayapima.

1. "Kumwuliza mtoto maoni ni kumharibu."
UONGO. Kongo iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990. Kifungu cha 12 kinampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, kwa kadiri ya umri na upevu wake. Kusikilizwa si kuamua peke yake. Mzazi na muuguzi hawapokonywi nafasi yao.

2. "Afya ya vijana ni mimba na UKIMWI tu."
UONGO. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika kila vijana saba wa miaka 10 hadi 19, mmoja anaishi na tatizo la afya ya akili. Mvulana anayejifungia ndani na kususa chakula, nyumbani huambiwa ana kiburi. Mara nyingi rafiki yake ndiye wa kwanza kujua kwamba halali usiku.

3. "Ukimfundisha binti kuhusu mwili wake, umemtuma kwa wanaume."
UONGO. Tafiti za nchi nyingi zilizokusanywa na UNESCO zinaonyesha kuwa elimu hiyo haiwaharakishi vijana kuanza ngono. Kimya nacho hakijawakinga: uchunguzi wa kitaifa wa Kongo wa 2013–2014 ulikuta asilimia 27 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshazaa au ni wajawazito.

4. "Wape vijana fulana na semina, wataelimishana wenyewe, kazi imekwisha."
UONGO. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa waelimishaji rika, yaani vijana wanaofundisha wenzao, wakiachwa peke yao huongeza maarifa, ila tabia hubadilika kidogo. Msichana aliyeshawishiwa na mwenzake aende kituo cha afya, akifika akakuta dawa hakuna au akagombezwa, harudi tena.

5. "Kijana huona kasoro ambazo daktari hazioni."
KWELI. Mkubwa akikagua kituo cha afya huhesabu vitanda na dawa. Msichana wa miaka 16 huona benchi: amebanana na jirani wa mama yake, na muuguzi anauliza kwa sauti, "Wewe umefuata nini hapa?" Huona pia kwamba saa za ushauri ndizo saa za masomo. Kurekebisha hayo hakuhitaji jengo jipya. Pazia na ratiba vinatosha kuanzia. Katika viwango vinane vya huduma kwa vijana vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2015, kimoja kizima kinahusu ushiriki wao katika kupanga na kutathmini huduma. CODESA, kamati ya afya ya eneo, inaweza kuwapa viti viwili, kimoja cha msichana, ikutane baada ya masomo, na kila hoja yao ipate jibu kabla ya kikao kinachofuata.