NENO "HAND" SI "MUKONO" TU



Toka siku tunaanza Kingereza tunafundishwa hivi: "head" ni kichwa, "eye" ni jicho, "hand" ni mukono. Tunaandika katika kaye, tunashika kwa kichwa, tunasema basi, imekwisha. Lakini siku ya kugeuza maneno katika Kiswahili ao Kifaransa, hapo tunaona kama haijakwisha.

Tuchukue sentensi hii: "The ship went down with all hands." Mwanafunzi anaandika: "Merikebu ilizama pamoja na mikono yote." Mwalimu anapiga mustari mwekundu. Juu ya nini? Kila neno limegeuzwa, hakuna lililosahauliwa. Ndiyo, lakini maana yenyewe imepotea. Sentensi inasema kwamba merikebu ilizama, na watu wote waliokuwa ndani yake wakafa. Tumeandika habari ya mikono, kumbe ilikuwa habari ya kilio.

Basi leo tutazame neno hili moja tu, "hand". Neno la mwili halitembei peke yake. Ukitaka kujua maana yake, sherti uangalie kwanza majirani zake, yale maneno madogo yaliyo mbele yake na nyuma yake.

1. "HAND" NA "ARM"

Kiswahili chetu kinasema "mukono" toka bega mpaka ncha ya vidole. Kingereza kinakata pahali pa kifundo. Toka bega mpaka kwenye kifundo ni "arm". Toka kifundo mpaka vidole ni "hand". Kifaransa kinafanya vilevile: "bras" na "main". Tukitaka kusema "hand" wazi kabisa kwa Kiswahili, tutasema kiganja ao kitanga cha mukono.

Jambo hili si dogo. Kama unasaidia mugonjwa mbele ya munganga anayesema Kingereza, na mutoto amevunjika karibu na bega, ukisema "hand" munganga atatazama vidole. Sema "arm".

Angalia tena neno "arms" likiwa kwa wingi. Linaweza kuwa mikono miwili, lakini linaweza pia kuwa silaha, sawa vile Kifaransa kinasema "armes". Na Wangereza wanaposema "the long arm of the law", wanataka kusema kwamba sheria inaweza kumufikia mutu popote anapojificha. Kwa Kiswahili, watu wengi wakisikia "fulani ana mukono murefu" wanafikiri mwizi! Mukono ni uleule, lakini kule ni polisi na huku ni yule anayetafutwa na polisi.

2. MIKONO ISIYO YA MUTU

Saa ina "hands". Hapa lugha tatu hazipatani. Mungereza anaona mikono, Mufaransa anaona sindano ("aiguilles"), na sisi tunaona mishale. Kila mutu na macho yake. Kwa hiyo "the second hand" kwenye saa ni mushale wa sekunde.

Ndizi nazo zina "hands". Mukungu ni "bunch". Chana moja ya ndizi katika mukungu ni "hand". Na ndizi moja moja inaitwa "finger", ni kusema kidole. Ukisoma "a hand of bananas", usitafute mukono wa mutu anayebeba ndizi.

Farasi anapimwa kwa "hands". "Hand" moja ni inchi 4, karibu santimetre 10. Farasi wa "fifteen hands" ni wa metre moja na nusu hivi toka chini mpaka mabegani. Na katika muchezo wa karata, "hand" ni karata zote ulizopewa wewe.

Mwandiko wa mutu unaitwa "handwriting", na mara nyingine "hand" tu. "She writes a clear hand" maana yake: mwandiko wake unasomeka vizuri. Ni sifa ambayo walimu wetu wangependa kutupa wengi.

3. "HAND" IKIWA KITENDO

"Hand" inaweza kuwa kitendo pia, maana yake kupitisha kitu toka kwa mumoja kwenda kwa mungine. Neno dogo la nyuma ndilo linaonyesha kitu kinaelekea wapi.

"Hand in" ni kupeleka kwa mukubwa: "Hand in your papers", rudisha karatasi zenu kwa mwalimu. "Hand out" ni kugawanya: mwalimu anagawanya karatasi za mutihani. "Hand back" ni kurudishia mwenyewe. "Hand over" ni kuacha kitu katika mamlaka ya mungine. Mufungwa, funguo za ofisi, hata utawala, vyote vinaweza kuwa "handed over". "Hand down" ni kuwaachia wale wanaokuja nyuma yetu, kama vile wazee wanavyotuachia hadisi na mizabibu, ao ngoma.

Mwanafunzi anayechanganya "in" na "out" siku ya mutihani anaweza kungoja agawiwe karatasi wakati wenzake wanarudisha zao.

4. JIRANI WA MBELE

Hapa ndipo wengi wanaanguka, kwani maneno yanafanana sana.

"By hand": kwa mikono, pasipo mashini, na barua iliyopelekwa "by hand" ni ile aliyopewa mutu kuibeba, haikupita posta.

"On hand": kitu kiko tayari, mutu yuko pale kwa kusaidia.

"At hand": karibu, kwa pahali ao kwa wakati. Biblia ya Kingereza ya mwaka 1611, inayoitwa King James, inatumia maneno haya katika Matayo 3:2, pahali Yoane Mubatizaji anahubiri kwamba ufalme uko karibu. Musomaji asiyejua angesema ufalme uko mukononi mwa mutu.

"In hand": jambo linashikwa vizuri, kazi inaendelea. "Out of hand": jambo limetoroka, halishikiki tena. Mukutano ulio "out of hand" ni ule wa makelele, ambao mwenye kiti anasema na hakuna anayesikia.

"First-hand": habari ya mutu aliyeona mwenyewe kwa macho. "Second-hand": habari ya kusikia kwa mungine, tena kitu ambacho mungine alikuwa nacho mbele yako, kama kitabu, kinga, ao nguo zilizovaliwa Ulaya. Na hapa muangalie sana: "second-hand" yenye kistari ni hii ya nguo, "second hand" pasipo kistari ni mushale wa saa. Kistari kidogo tu, na nguo inageuka saa.

"On the one hand... on the other hand": kwa upande mumoja, kwa upande mungine. Wenye kuandika insha, hii ni dawa yenu. Hatuko mbali nayo, maana sisi pia tunatumia mukono kuonyesha upande: mukono wa kuume, mukono wa kushoto. Kifaransa kinasema "d'une part, d'autre part", mukono haumo.

5. KUPANA MUKONO

Kwetu, kupa mutu mukono ni kumusalimia. Kwa Kingereza kusalimia hivyo ni "shake hands". Lakini "give me a hand" ni neno lingine kabisa: nisaidie. Fikiri mugeni anafika na gunia mabegani, anakuambia "Give me a hand, please", na wewe unachekelea na kunyoosha kiganja umusalimie! Atafikiri unamuchezea.

Siri iko katika kale kaneno "a". "Give me your hand" ni lete mukono wako, pengine nikuvushe mutoni. "Give me a hand" ni lete musaada. Na kama watu wako katika mukutano, kwaya imekwisha kuimba, na mwenye kuongoza anasema "Give them a big hand", hapo hakuna gunia la kubeba: tupige makofi.

Kijana akiwa "he asked for her hand", ameposa binti. Kifaransa kinasema vilevile, "demander la main". Lakini Kingereza kinaomba kiganja tu. Kwetu wazee wanajua kama watu wanamuomba binti muzima, pamoja na jamaa yake.

6. MISEMO YA LUGHA TATU

Kuna misemo inayovuka mupaka bila taabu. "My hands are tied": mikono yangu imefungwa, siwezi kufanya kitu. Kifaransa kinasema vilevile. "I wash my hands of it": jambo hilo si langu tena. Wote tunajua mwenye kufanya hivyo wa kwanza tunayemukumbuka, ni Pilato katika Matayo 27:24. Lakini "wash your hands" pasipo "of" ni sabuni na maji tu.

Mingine haivuki. "Caught red-handed" ni mutu aliyekamatwa wakati uleule wa kutenda kosa. Wekundu ule ni wa damu. Neno lilitoka katika sheria za zamani za Scotland. Mufaransa anasema mukono ulikutwa ndani ya mufuko. "From hand to mouth" ni maisha ya kula kilichopatikana leo na kesho haijulikani. Na kwa upande wetu, nani ataweza kumugeuzia Mungereza maneno "mukono wa birika"? Akisikia "a kettle hand" hatafahamu kwamba tunasema juu ya muchoyo.

7. WATU WANAPOITWA MIKONO

Turudie sasa merikebu yetu. Juu ya nini mabaharia wanaitwa "hands"? Kwa sababu mwenye kazi alihitaji mikono ya kuvuta kamba. Vivyo hivyo "farm hands" ni watu wa kazi ya shamba, "factory hands" watu wa kiwanda. Mutu mzoefu ni "an old hand". Kifaransa nacho kina "main-d'œuvre".

Lakini si wote waliofurahi na neno hilo. Katika mwaka 1854 mwandishi Mungereza Charles Dickens alitoa kitabu "Hard Times", pahali wafanyakazi wa viwanda wanaitwa "the Hands", kama vile hawana kichwa wala moyo. Alitaka wasomaji waone ubaya wa kumutazama mutu kwa kazi yake tu. Basi mukiandika barua, afadhali "worker". "Hands" mulifahamu, lakini musilitumie ovyo.

Kuna vitabu vya Kingereza juu ya inchi yetu ambamo "hands" si watu wa kazi. Ni mikono yenyewe. Ni vitabu juu ya utawala wa Leopold II, toka 1885 mpaka 1908, wakati watu walilazimishwa kuleta mupira. Askari walitakiwa kuonyesha mukono wa kuume wa mutu aliyeuawa, kama ushuhuda kwamba risasi haikupotea bure. Katika 1899, huko Kasai, mumisionere William Sheppard, Mwamerika mweusi wa Presbiteri, alihesabu mikono 81 iliyokuwa inakaushwa juu ya moto. Katika 1904, huko Baringa, Alice Seeley Harris, mumisionere Mungereza, alipiga picha ya baba mumoja jina lake Nsala, amekaa akitazama mukono na muguu wa binti yake. Picha ile ilionyeshwa Ulaya na Amerika, na watu wengi wakafumbuka macho.

Mwanafunzi akikuta "hands" katika maandiko hayo, akageuza "wafanyakazi", amefuta ushuhuda wa wale waliokufa. Na akikuta "all hands lost" katika habari ya merikebu, akageuza "mikono", amefuta watu pia. Ndiyo maana tunasema kugeuza maneno si muchezo wa kupata pointi tu.

8. NAMNA YA KUJIFUNZA

Usiandike katika kaye "hand = mukono" peke yake. Andika sentensi nzima. Mbele ya kugeuza, jiulize maswali matatu: Ni nani anasema, na wapi? Kuna neno gani dogo mbele ao nyuma? Je, maana niliyoandika inaweza kutokea kweli? Merikebu haizamishi mikono pasipo watu. Ukiona jambo lisilowezekana, rudi nyuma.

9. MAZOEZI

Geuza kwa Kiswahili, usitazame majibu kwanza.

a) The house changed hands last year.
b) Our cook is an old hand.
c) I have my hands full today.
d) Hands off my books!
e) The news is second-hand.
f) Who can lend me a hand?

Majibu: a) Nyumba ilipata mwenyewe mupya mwaka uliopita. b) Mupishi wetu ni mzoefu. (Si mukono uliozeeka!) c) Leo nina kazi nyingi mno. d) Usiguse vitabu vyangu! e) Habari hiyo ni ya kusikia tu. f) Nani anaweza kunisaidia?

Aliyepata zote sita, asaidie jirani yake wa benchi aliyepata mbili. Hiyo ndiyo "to give a hand".