Kurudi kwenye ungo: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Ungo wa futi sita uliotelekezwa uani tangu enzi za analojia bado ni mzima. Umbo lake halipitwi na wakati, na mawimbi ya setilaiti hayaulizi kama ulinunuliwa mwaka 1998 au juzi. Vilivyozeeka ni vile vilivyofungwa mbele na nyuma yake: LNB (kichwa kinachopokea mawimbi), waya na hasa risiva. Nalisema hili mapema kwa sababu dukani utashawishiwa kinyume chake. Utapewa ungo mpya unaong'aa pamoja na risiva ya bei ya kutupa, nawe utarudi nyumbani umelipia kile ulichokuwa nacho na kubaniwa kile ulichokihitaji.

Wengi walioacha mchezo huu wa kunasa setilaiti hawakuuacha kwa uvivu. Zamani mtu wa mikoani aliyetaka kuona chaneli za Dar es Salaam hakuwa na njia ila ungo mkubwa wa bendi ya C. Kisha ikaja mitambo ya dijitali ya ardhini: Dar es Salaam ilizimiwa analojia tarehe 31 Desemba 2012, Kenya ikamalizia mwaka 2015. Azam TV nayo ilianza Desemba 2013 na ungo mdogo wa kufungwa ukutani. Nani tena angehangaika na dude la futi nane linalotingishwa na upepo wa kusi?

Sasa anayetaka kurudi ajiulize kwanza anatafuta nini, kwa kuwa jibu hilo ndilo linalopanga matumizi yote. Yupo anayetafuta televisheni ya bei nafuu, na yupo anayetaka kupekua anga.

Wa bei nafuu tummalize haraka. Tuchukue tarakimu za mfano: kifurushi cha king'amuzi shilingi 20,000 kwa mwezi, yaani 240,000 kwa mwaka. Seti ya kutazama bure, pamoja na ungo wa sentimita 90, LNB, risiva, waya na ufundi, tuiweke 250,000. Kwa karatasi imejilipa mwezi wa kumi na tatu, na kuanzia hapo unatazama bure. Hesabu hiyo ni sahihi, ila inalinganisha vitu viwili tofauti. Ligi Kuu ya Tanzania iko Azam, Ligi ya Uingereza iko DStv, na hakuna ungo wa bure utakaokuletea hizo kihalali. Utakachopata ni vituo vya habari vya kimataifa kama Al Jazeera, France 24 na DW, vituo vingi mno vya dini, na mkusanyiko wa vituo vya Kiarabu, vya Kihindi na vya nchi jirani. Kama nyumbani wanasubiri mechi ya Simba na Yanga, lipia king'amuzi, amani irudi sebuleni.

Na anayetaka chaneli za nyumbani tu hahitaji ungo kabisa. Antena ya kawaida na kisanduku cha dijitali ya ardhini (DVB-T2) vinamtosha akiwa ndani ya eneo la mnara. Kenya watu hununua dekoda ya bure mara moja na hawalipi tena. Tanzania nako chaneli za kitaifa za bure zimo kwenye mitambo ya ardhini, na mabishano ya mwaka 2018 kati ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na makampuni ya ving'amuzi vya setilaiti yalihusu chaneli hizohizo: nani azibebe, na kwa leseni gani. Hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote, na ajabu ni kwamba fundi wa dishi hataitaja, maana haina kazi ya kupanda paa.

Turudi kwa mtu wa anga, ambaye ndiye niliyemwandikia.

Risiva yako ya zamani, iwe Strong au Starsat au nyingine yoyote ya kizazi kile, ilijua DVB-S na picha za MPEG-2. Kiwango cha DVB-S2 kilikuja mwaka 2005, na vituo vikahamia huko kwa sababu masafa yaleyale yanabeba chaneli nyingi zaidi. Picha nazo zikahamia MPEG-4, na baadaye H.265 iliyoidhinishwa mwaka 2013. Ndiyo maana mtu anawasha risiva yake ya kale, anaelekeza ungo sawasawa, halafu anaona kioo cheusi au chaneli nne tu. Analaumu ungo, fundi, hata mwembe wa jirani, na kosa liko ndani ya kisanduku. Hapa ndipo fedha iende. Risiva isiyo na H.265 usiinunue leo hata ikiwa nusu bei. Iwe pia na uwezo wa kupekua setilaiti nzima yenyewe bila kulishwa masafa, kile mafundi wanachokiita blaindi skeni. Kwa mpenzi wa mchezo huu hilo ni muhimu kuliko rimoti yenye vitufe vya YouTube. Ukipata yenye DVB-T2 humohumo umeua ndege wawili kwa jiwe moja, kwani chaneli za nyumbani utazinasa kwa antena.

Juu ya hizo kuna risiva za Linux na kadi za kompyuta kama za TBS. Ni vifaa vizuri sana na bei yake ni mara kadhaa ya risiva ya kawaida. Mtu anayerudi asianzie hapo. Anunue cha kawaida, akiona baada ya masika mawili bado anapanda paa usiku, basi ugonjwa umemshika kweli na anastahili kifaa kikubwa.

LNB ni rahisi kuliko vyote na ndiyo watu wanayoibania. Ya bendi ya C chagua ya PLL, ambayo haiyumbi kirahisi. LNB za zamani masafa yake huyumba jua linapowaka na usiku unapopoa, na vituo vidogo vyenye mkondo mwembamba hupotea kwa sababu hiyo tu. Kuna jingine ambalo uliyeondoka zamani hukuliacha: 5G. Vodacom waliizindua Tanzania mwaka 2022, na huduma hii kwa sehemu kubwa duniani hutumia masafa ya karibu na 3.5 GHz, ambayo LNB nyingi za C zilizotengenezwa kupokea kuanzia 3.4 huyameza yote. Mnara ukiwa mtaa wa pili, LNB hulemewa, na setilaiti nzima hutoweka wakati ungo haujasogea hata nywele. Dawa ni LNB yenye kichujio kinachoanzia 3.7 GHz. Utapoteza vituo vichache vya chini, ila vilivyobaki vitatulia. Kijijini pasipo na mnara wa 5G usiitoe fedha hiyo.

Bendi ya C au ya Ku, basi? Ku inaridhika na ungo mdogo, lakini mvua ya masika ikishuka kwa nguvu picha inakatika. C haijali mvua kiasi hicho, na miale yake hufunika bara zima, hivyo unanasa vituo ambavyo mwenyewe hakukusudia uvione. Miale ya Ku hulenga eneo. Kwa uzuri wa mchezo mimi ni mtu wa C, na sioni haya. Ila kama huna ungo mkubwa tayari, usianze kwa kuununua: kuusafirisha, kuumwagia zege na kuulipia fundi kunaweza kupita bei ya ungo wenyewe. Anza na Ku ya sentimita 90. Usishawishike na ya 60 kwa sababu ya tofauti ndogo ya bei; eneo la 90 ni mara mbili na robo ya 60, na faida hiyo utaijua siku ya mawingu mazito.

Mwenye ungo wa futi sita aelekeze kwanza nyuzi 68.5 mashariki. Setilaiti ya hapo uliiacha ikiitwa PAS-10. Leo iliyopo ni Intelsat 20, iliyorushwa mwaka 2012, na Intelsat yenyewe ilinunuliwa na SES mwaka 2025. Majina yamebadilika, mahali ni palepale. Kutoka Dar es Salaam inakaa kama nyuzi 55 juu ya upeo. Azam, walio nyuzi 7 mashariki, wako nyuzi 52 upande wa pili, magharibi. Setilaiti ya nyuzi 36 mashariki, ambayo DStv wa Kenya huielekea, iko karibu utosini: nyuzi 81 kwa Dar es Salaam na 88 kwa Nairobi. Ungo wa duara kamili ukiuelekeza huko unageuka bakuli la kukusanya maji na majani. Toboa kitundu chini yake.

Hali hiyo ya kuishi karibu na ikweta inaamua pia suala la mota ya kuzungusha ungo. Mota nyingi za ungo mdogo zimeundwa kwa watu wa Ulaya, ambako mhimili wake husimama. Kwetu mhimili unalala karibu sambamba na ardhi, na bano la mota nyingi halina kipimo kinachoshuka hadi latitudo ya 6 au ya 1. Kabla ya kulipa, tazama namba za mwisho kwenye bano hilo. Mimi ningenunua swichi ya DiSEqC ya njia nne, inayounganisha LNB kadhaa kwenye risiva moja na ambayo ni kitu cha bei ndogo kabisa, nikafunga ungo wa pili wa mtumba, na LNB ya pembeni kwa setilaiti jirani. Unapoteza raha ya kuona ungo ukitembea. Unaokoa fedha na magoti.

Hata bila mota, uhuru wa kugeuza uelekeo wa ungo si anasa. Oktoba 2024 setilaiti ya Intelsat 33e, iliyokuwa nyuzi 60 mashariki, ilivunjika vipande angani ikiwa na umri wa miaka minane tu. Waliokuwa wamefunga ungo wao huko kwa zege na kulehemu kila nati walibaki na pambo la uani.

Visanduku vinavyouzwa kwa ahadi ya kufungua chaneli za kulipia kupitia intaneti viache. Tukiweka sheria kando, hesabu yake ni mbovu: unalipa kisanduku, unalipa ada ya mwaka kwa mtu usiyemjua, unalipa bando, na siku kampuni ikibadilisha funguo unabaki na risiva ya kawaida uliyoinunua ghali.

Kwa mfuko mdogo, mpangilio wangu ni huu: risiva ya H.265 kwanza, LNB mpya, kisha waya wa RG6 wenye kiini cha shaba pamoja na viunganishi vipya. Kwa watu wa pwani, Tanga hadi Mtwara na Mombasa hadi Lamu, viunganishi hivyo vifungwe mpira wa kuzuia maji siku hiyohiyo, maana chumvi huvila kabla hujamaliza kupanga chaneli. Kipima mawimbi cha mkononi kinaweza kungoja; siku za mwanzo TV ndogo iliyopandishwa karibu na ungo, na mtoto wa kupiga kelele "hapo hapo!", vinafanya kazi ileile.