Mti wa barazani ulioingia ndani ya karai

MSOMAJI, huenda mti huu unaupita kila siku ukienda kazini au shuleni na hujawahi kuuliza jina lake. Majani yake ni madogo, yanang'aa na yamechongoka nchani. Matawi yake huinama kama mtu aliyefiwa. Jijini hupandwa langoni, ukakatwa uwe mviringo kama mpira au mraba kama sanduku, na mtoto akivunja kitawi, utomvu mweupe kama maziwa hutiririka. Wauza miche huuita fikasi. Wataalamu huuita Ficus benjamina. Asili yake ni Asia na Australia, lakini ni ndugu wa mkuyu wetu na wa mugumo.

Sasa twende Kehancha, kule Kuria, karibu na mpaka wa Tanzania. Mbele ya nyumba ya shangazi yangu palikuwa na fikasi iliyopandwa na marehemu mumewe ikiwa mche ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia. Mti ukakua hata ukaizidi nyumba kwa kimo. Mizizi yake ikapasua sakafu ya baraza, kisha ikaanza kuelekea kwenye tangi la maji. Wana wa shangazi wakakata shauri: mti uangushwe. Mama huyo hakubishana nao. Aliingia ndani akakaa.

Mimi nilikuwa nimesoma kidogo kuhusu bonsai, nikamwomba ruhusa nikate vijiti kabla ya msumeno kufika. Akanitazama. "Mwanangu, mti ule ulitupita sote kwa urefu. Huu wako utauwekaje mezani?"

Swali lake ni zuri, na wengi hulikosea jibu. Bonsai si mbegu ya ajabu wala mti wa aina fupi. Ni mti wa kawaida unaopandwa ndani ya chombo kipana kisicho na kina, ukapogolewa matawi na mizizi mwaka baada ya mwaka. Sanaa hiyo ilianza Uchina, na Wajapani ndio walioipa jina linalojulikana leo. Kuna msonobari mmoja uliotunzwa hivyo tangu mwaka 1625. Uliokoka bomu la Hiroshima mwaka 1945, na mwaka 1976 Masaru Yamaki akautoa zawadi kwa Marekani, ambako uko hadi leo mjini Washington.

Basi, ukitaka kuanza, anza wakati wa mvua. Kata vijiti unene wa kalamu, urefu wa shubiri moja. Pukutisha majani ya chini, osha utomvu, ungoje ukome. Vichomeke katika mchanga uliochanganywa na udongo, kivulini. Shangazi, aliyelima tumbaku miaka mingi, hakuhitaji kufundishwa. Alivifunika kwa nyasi kama afanyavyo kitaluni, akavinyunyizia maji asubuhi na jioni. Baada ya majuma kadhaa vitano vilikuwa na mizizi.

Hapa pana siri ambayo wauza miche huijua vizuri. Fikasi ikiwa ndani ya chombo kidogo huchelewa kunenepa shina. Kwa hiyo chukua vijiti vitatu, uvisuke kama nywele au uvifunge pamoja kwa utepe. Vikikua vitashikana na kuwa shina moja. Shangazi ndiye aliyevisuka, nami nikasimama kando.

Nilisafiri navyo usiku kupitia Kisii na Narok, nimevipakata. Wiki ya pili Nairobi majani yote yakaanguka. Jirani akaniambia nitupe takataka hiyo. Usikimbilie kutupa, msomaji! Fikasi huchukia kuhamishwa. Ukibadilisha mwanga wake tu hupukutisha majani. Kwaruza gamba kidogo kwa ukucha. Ukiona kijani, mti uko hai. Uache mahali pamoja, karibu na dirisha lenye mwanga mwingi, na usiumwagie maji kwa huruma. Chomeka kidole udongoni. Udongo wa juu ukiwa mkavu, ndipo unywesheze.

Chombo changu ni karai kuukuu la fundi wa mawe, nililotoboa matundu kwa msumari. Udongo wa shambani peke yake hushikamana, na mizizi ikaoza. Changanya na mchanga mnene wa mtoni, kokoto ndogo na samadi iliyooza vizuri. Kila baada ya miaka miwili hivi, wakati wa joto, toa mti, punguza kiasi cha theluthi moja ya mizizi, urudishe na udongo mpya.

Kosa nililolifanya mwenyewe ni la makasi. Nilikata tawi zima la kushoto nikabakiza kisiki kisicho na jani hata moja, nikidhani kitachipua. Kikakauka. Aina nyingine za jamii hii huvumilia, lakini benjamina mara nyingi haivumilii. Kila tawi ulikatalo, liachie majani mawili au matatu. Futa utomvu kwa kitambaa, na watoto wasiuguse, kwani huwasha ngozi za baadhi ya watu.

Kupinda matawi, tumia waya wa shaba utokao katika kebo ya stima iliyotupwa. Uzungushe bila kukaza, nawe uutazame kila baada ya siku chache. Fikasi hunenepa upesi na waya huzama ndani ya gamba. Alama yake haitoki haraka. Kama huna waya, funga jiwe kwa uzi likavute tawi chini.

Shangazi alipokuja Nairobi kwa matibabu mwaka jana, alilizungusha karai mara mbili akilichunguza kila upande. Kisha akauliza kwa nini matawi yanatazama juu, na yale ya mumewe yaliinama. Nikamwambia ni waya. Akaniamuru niutoe.

Waya wa kulia nimeutoa. Tawi limeanza kushuka.