Je, Wajua? Sindano ya Kuamsha Mayai

Je, wajua kwamba ukitaja "sindano ya homoni" kwenye benchi la kliniki ya mama na mtoto, wengi watadhani unasema Depo, ile ya miezi mitatu ya kupanga uzazi? Ipo nyingine inayofanya kazi kinyume kabisa. Depo huyazuia mayai yasipevuke, hii huyaamsha.

Je, wajua kwamba dawa yenyewe unayo mwilini tangu zamani? Chini ya ubongo kuna tezi ya pituitari, ukubwa wake kama punje ya mbaazi. Homoni yake ya FSH hukuza kifuko cha yai. Ya LH hulitoa yai likishakomaa. Tezi ikizembea, ovari hukaa kimya, na sindano huleta kutoka nje ule wito uliokosekana.

Je, wajua kwamba wito huo ulipatikana kwenye mkojo wa watawa wazee? Hedhi ikikoma, ovari haziitikii tena, na tezi huzidi kuita, kama mama anayeita watoto ambao wameshahama nyumba. FSH hujaa kwenye damu na kuishia kwenye mkojo. Piero Donini, mkemia wa kampuni ya Serono kule Roma, alijua namna ya kuichuja mwishoni mwa miaka ya 1940. Shida ilikuwa kupata mkojo wa kutosha, tena wa wanawake ambao hakuna hata mmoja mwenye mimba, maana homoni ya mimba ingeharibu mchanganyiko wote. Daktari kijana Bruno Lunenfeld alipokuja kuomba msaada mwaka 1957, aliyemfungulia njia ni Giulio Pacelli, mpwa wa Papa Pius XII, ambaye alikuwa kwenye bodi ya kampuni. Nyumba za watawa waliostaafu zikaanza kukusanya. Mwaka 1962, nchini Israeli, alizaliwa mtoto wa kike kwa dawa hiyo. Bibi hawa hawakuzaa. Nikiwafikiria, naona wanastahili kukumbukwa kila chupa inapofunguliwa.

Siku hizi FSH nyingi hutengenezwa maabara kwa seli za hamsta zilizopewa jeni ya binadamu, ingawa baadhi ya dawa bado hutokana na mkojo uliosafishwa.

Je, wajua kwamba kabla ya dawa ya mkojo kuanza kutumika, homoni hizi zilitolewa kwenye tezi za maiti? Carl Gemzell wa Sweden alianza mwaka 1958, na wanawake walishika mimba. Australia nayo ikafuata njia hiyo, hadi ilipositishwa mwaka 1985. Baadhi ya waliochomwa walikuja kufa kwa ugonjwa wa ubongo wa Creutzfeldt-Jakob.

Je, wajua kwamba chura wa Afrika Kusini alikuwa kipimo cha mimba? Miaka ya 1930, Lancelot Hogben na wenzake waligundua kuwa chura jike wa kule akichomwa homoni hutaga. Basi wakamchoma mkojo wa mama: akitaga kabla siku haijaisha, mama ana mimba. Kilichomtagisha chura ni homoni ya mimba, hCG, na hiyohiyo ndiyo hutumika leo kama sindano ya mwisho, ya kulitoa yai.

Na sasa hofu ninayoisikia mara nyingi kuliko zote: "Sindano zitanimalizia mayai." Hapana, dada yangu. Kila mwezi vifuko kadhaa huanza kukua kwa pamoja, kimoja hushinda, vilivyobaki hunyauka na kupotea. Sindano huviokoa vile ambavyo vingekufa mwezi huohuo. Akiba ya miezi ijayo haiguswi.

Hatari ya kweli iko kwingine. Vifuko vikikua vingi mno, mama anaweza kubeba mapacha watatu au wanne, au tumbo likajaa maji na pumzi ikawa fupi. Ndiyo maana daktari huanza na dozi ndogo na kukuita kwenye altrasaundi kila baada ya siku chache, akipima kila kifuko kwa milimita. Anayekuuzia sindano hizi bila kipimo anachezea uhai wako.

Je, wajua kwamba sindano haizibui mirija? Mirija ikiwa imeziba, mayai yatapevuka na kukosa njia. Na mume apimwe mwanzoni kabisa, siyo baada ya mke kuchomwa miezi sita: kwa hadi nusu ya wanandoa wanaohangaika, tatizo liko kwa mwanamume pia, au kwake peke yake.

Je, wajua kwamba nyingi ya sindano hizi mama hujichoma mwenyewe nyumbani? Chupa hutoka kwenye friji, hukaa kidogo ipungue ubaridi, ngozi ya tumbo chini ya kitovu hufinywa kwa vidole viwili, na sindano fupi huingia. Inauma chini ya vile unavyoogopa. Ile ya mwisho ina saa yake: yai hutoka baada ya saa 36 hivi. Ukichoma Jumatatu saa nne usiku, lingojee Jumatano saa nne asubuhi. Ukichelewa hata kidogo, mpigie daktari usiku uleule.