Mng'ao si Utendaji: Kusoma Vichunguzi vya Vimeng'enya katika Seli Hai

Makala hii inajadili swali moja la upimaji: je, seli inayong'aa zaidi ndiyo yenye kimeng'enya kinachofanya kazi zaidi? Kichunguzi cha fluoresensi ni molekuli ambayo haing'ai, au hung'aa kwa rangi nyingine, hadi kimeng'enya mahususi kiikate. Mfano wa awali ni fluoreseini diasetati, iliyoelezwa na Rotman na Papermaster mwaka 1966. Kwa kuwa haina chaji, hupenya utando wa seli. Ndani, esterasi huondoa vikundi vyake viwili vya asetati, na fluoreseini inayobaki hung'aa kijani.

Fluoreseini, hata hivyo, huvuja kutoka kwenye seli, na mng'ao wake hufifia asidi inapoongezeka. Kalseini yenye chaji hasi nyingi zaidi hukaa ndani kwa muda mrefu, ndiyo maana umbo lake la esta, kalseini-AM, hupendelewa. Hapa pana mtego. Seli za saratani zenye wingi wa P-glikoprotini huisukuma nje kalseini-AM ingali utandoni, kabla esterasi hazijaifikia. Seli hizo huonekana hafifu katika hadubini, na mtafiti asiyelijua hilo atahitimisha kwamba esterasi zake ni dhaifu, ilhali alichopima ni pampu. (Wapo wanaoitumia kalseini-AM kwa makusudi hayohayo.) Verapamili, dawa inayoizuia pampu hiyo, hurejesha mng'ao bila kuongeza kimeng'enya chochote. Kwa maoni yangu, jaribio hilo la ulinganishi halipaswi kukosekana katika tasnifu yoyote inayotumia kichunguzi hiki.

Njia nyingine ni kusoma rangi mbili badala ya moja. Katika CCF2, kichunguzi kilichotangazwa mwaka 1998 na Zlokarnik, Tsien na wenzao, kumarini na fluoreseini zimeunganishwa kwa sefalosporini. Kikimulikwa kwa mwanga wa nanomita 409 kikiwa kizima, kumarini huipa fluoreseini nishati na seli hung'aa kijani. Beta-laktamasi ikikikata, hung'aa buluu. Kwa kuwa kinachosomwa ni uwiano wa rangi hizo, seli iliyopokea kichunguzi kidogo haihesabiwi kuwa na kimeng'enya kidogo. Uwiano huo, hata hivyo, huonyesha jumla ya kichunguzi kilichokwisha kukatwa, si kasi ya ukataji. Anayetafuta kasi hana budi kuzisoma seli zilezile mara kadhaa, kabla kichunguzi hakijapungua.