Ukifika Kampala, Angalia Kuume Kwanza

Wengi mmezoea kusoma katika ukurasa huu habari za mitihani na madaftari. Mwezi huu tunaomba tuzungumze juu ya barabara za Kampala, kwa sababu kuna jambo limetokea kwa jirani yetu na limetushtua.

Baba mmoja anayekaa karibu na shule yetu alikwenda Kampala kumwona dada yake, anaishi Katwe. Alirudi mguu umefungwa plasta mpaka juu ya goti. Sisi walimu tukaenda kumpa pole, na sukari yetu kidogo mkononi kama inavyofaa. Tukamwuliza, baba, ilikuwa namna gani? Akajibu: "Walimu, msifikiri mimi ni mtu wa kijijini asiyejua mji. Nimekaa Bukavu miaka mingi. Niliangalia, na njia ilikuwa wazi."

Alisema kweli kabisa. Aliangalia, tena aliangalia vizuri, lakini aliangalia kushoto. Kule kwetu ndiko gari la kwanza linakotoka. Kampala gari la kwanza linatoka kuume, au kulia kama wanavyosema ndugu zetu wa Tanzania, na boda iliyomgonga ilitoka huko huko. Njia aliyoiangalia ilikuwa wazi. Njia iliyomvunja mguu hakuiangalia.

Tukaanza kujiuliza, ni wangapi hapa kambini wana shida hiyo? Karibu wote. Wabelgiji waliiacha Kongo, pamoja na Rwanda na Burundi, magari yakipita upande wa kuume. Waingereza waliiacha Uganda, sawa na Kenya na Tanzania, yakipita upande wa kushoto. Ethiopia ilihama kutoka kushoto kwenda kuume mwaka 1964, na Sudan mwaka 1973, ndiyo maana Sudan Kusini nayo iko kuume. Somalia na Eritrea vilevile. Sasa hesabu majirani zako kwenye foleni ya maji: Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda, Msomali, Mwethiopia. Ukiondoa wale waliokaa Nairobi kwanza, sisi sote tulijifunza kutembea katika nchi ambayo barabara yake imegeuzwa. Dereva wa lori akivuka mpaka wa Bunagana au Mpondwe anajua kwamba lazima ahame upande. Sisi tulivuka kwa miguu, na mizigo na watoto, nani alikuwa na nafasi ya kutuambia habari za upande?

Na hapa kambini hatukujifunza. Magari ni machache, vumbi unaliona kutoka mbali, na dereva anapita pale ambapo hakuna shimo, ikiwa kushoto ikiwa kuume. Mtu anaweza kukaa Nakivale miaka kumi asijue kwamba Uganda wanaendesha kushoto. Siku anapoitwa Kampala, labda kwa matibabu Mulago, au kwa mahojiano ya safari, anafika na miguu ileile ya Goma.

Kampala si mahali pa kujifunza kwa kukosea. Taarifa ya polisi ya Uganda ya mwaka 2024 ilihesabu watu zaidi ya 5,000 waliokufa katika ajali za barabarani nchini kote, na waenda kwa miguu pamoja na watu wa pikipiki ndio wengi zaidi. Hao ndio sisi. Wachache sana kati yetu wanaingia Kampala wakiwa ndani ya gari lao.

Basi tuseme umetoka Mbarara kwa basi, kilomita kama 270, umepita Lyantonde na Masaka, umeingia kwa barabara ya Masaka hadi Busega na Nateete. Umechoka na kichwa kinazunguka. Saa ile ya kushuka ndiyo saa mbaya kuliko zote. Tunaomba usivuke chochote kwanza. Simama pembeni, weka mzigo chini, tazama magari dakika mbili tu. Utaona yaliyo karibu nawe yanatoka kuume. Ukitaka kuvuka, angalia kuume, kisha kushoto, kisha kuume tena, na ukifika katikati macho yako yawe kushoto, kwa sababu nusu ya pili ya barabara magari yanatoka huko. Na hata kama bango linasema barabara ni ya upande mmoja, angalia pande zote mbili, maana boda inaweza kuja kinyume na hakuna atakayekuomba msamaha.

Ile mistari myeupe, wengine tunaiita pundamilia, sheria inamtaka dereva ampishe mtu aliye juu yake. Hiyo ni sheria, na ni vizuri uijue. Lakini usiingie juu ya mstari kwa kuamini rangi. Nyosha mkono, umtazame dereva machoni, ngoja uone gari linapunguza mwendo, hata lile la pili lililofichwa na la kwanza. Wenyeji wanavuka kwa kundi, na wewe mgeni unaweza kuingia katikati ya kundi, si vibaya. Penye taa, kama pale Wandegeya watu wanapopita kwenda Mulago, utakuta wakati mwingine polisi wa sare nyeupe amesimama katikati. Akiwa pale, mkono wake ndio sheria. Taa ikiwa nyekundu na yeye akaita magari, magari yatakuja, kwa hiyo mfuate yeye.

Kuna kosa moja ambalo karibu kila mtu kutoka kwetu analifanya na hajui. Mahali ambapo hakuna njia ya waenda kwa miguu, mtu hutembea akielekeana na magari, ili aone kinachokuja. Kule Kongo hiyo ilikuwa kutembea upande wa kushoto. Hapa inageuka, utembee upande wa kuume. Ukitembea kushoto kama nyumbani, magari yanakujia mgongoni. Jioni, na nguo nyeusi, na mtoto mgongoni! Mama, tafadhali, mtoto huyo ndiye anayekuwa karibu na gari kuliko wewe.

Juu ya taksi. Kampala taksi ni ile basi ndogo nyeupe yenye mraba-mraba wa bluu, ya watu 14, si gari dogo kama tulivyozoea kuita. Mlango wake uko kushoto, unafunguka pembeni mwa barabara, na hilo ni jema. Wale wa Goma na Bukavu watakumbuka kwamba magari mengi kule ni yale yenye usukani kuume, lakini yanapita kuume, basi abiria anashukia katikati ya njia kama mtu anayeruka mtoni. Huku unashukia ukingoni. Lakini kabla hujaweka mguu chini tazama nyuma, kwani boda hupenya kati ya taksi na mtaro. Na usivuke mbele ya taksi iliyosimama. Hiyo taksi ni ukuta, imekufichia yale yote yanayotoka kuume. Iache iondoke, ndipo uvuke. Ukitaka kushuka unamwambia konda "maaso awo", naye anaelewa. Sema mapema, usingoje umefika, wasije wakasimama katikati ya jamu ukashuka kwa haraka ya kusukumwa.

Boda ni habari ndefu. Wanasema jina lilitoka mpakani Busia, ambapo watu wa baiskeli walikuwa wakibeba abiria kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Kwetu tulimwita motari. Kanuni za Uganda zinasema abiria ni mmoja tu, na kofia ngumu ni kwa dereva na kwa abiria pia. Tunajua mnachofanya, maana na sisi tumefanya: mama, watoto wawili, na begi, wote juu ya boda moja, kwa sababu pesa ni kidogo. Hatutaki kumhukumu mtu ambaye mfuko wake umetoboka. Lakini kama ni lazima uchague, ni afadhali taksi na watoto kuliko boda na watoto, hata kama taksi inachelewa. Tangu mwaka 2014 kuna SafeBoda, wenye kofia za rangi ya machungwa, wanaotembea na kofia ya pili kwa abiria. Hata boda nyingine, uliza kofia kabla ya kuuliza bei. Akicheka, mwache aende, wako wengi.

Panda kutoka kushoto. Kushoto ndiko ukingo wa barabara uliko, tena bomba la moshi mara nyingi liko kuume na linachoma. Wadada wengi wana alama hiyo kwenye mguu. Usikae upande mmoja miguu ikining'inia. Kitenge kikunje ukikaze, kisifike kwenye gurudumu, kwa sababu kikishikwa hakikuachi. Na una haki ya kumwambia dereva "polepole", au "mpola mpola" kwa Kiganda. Ukimlipa, wewe ni mteja.

Sasa vijana. Tunajua wako kati yenu wanaotaka kwenda Kampala kuendesha boda, na wengine walikuwa madereva kule nyumbani. Kwanza tafuteni kibali cha kuendesha, daraja A ni la pikipiki na B ni la gari dogo. Kibali cha Kongo mfukoni hakitakufundisha upande. Waliozoea kuendesha kuume wanatuambia kwamba hawakosei penye magari mengi, kwa sababu wanafuata wengine. Wanakosea asubuhi mapema njia ikiwa tupu, au wanapotoka kituo cha mafuta, au baada ya kukata kona. Mkono unarudi wenyewe kuume. Kukata kushoto huku ni kufupi, unabaki ukingoni. Kukata kuume ni kurefu, unavuka njia ya wanaokuja mbele yako. Kwenye mzunguko, kama ule wa Kibuye, unazunguka kama mshale wa saa, na unampisha yule aliye ndani anayetoka kuume kwako. Mwendo ndani ya mji hauzidi kilomita 50 kwa saa. Simu sikioni hapana. Na pombe kabisa hapana, polisi wana kile kipimo cha kupuliza ambacho watu wanakiita kawunyemu, na usiku hakimwonei mtu haya.

Ajali ikitokea, mungu apishe mbali, mtu aliye nawe asome namba ya gari au ya pikipiki aiandike hata kwenye mkono. Namba za Uganda zinaanza na herufi U. Kisha ripoti polisi siku ileile. Baba yule hakuandika namba. Kila kitu amelipa yeye na dada yake.

Baada ya kumtembelea tulifanya kitu kidogo shuleni. Tulichukua majivu jikoni, tukachora barabara katika uwanja, na mistari ya pundamilia, na mzunguko kuzunguka ule mti. Darasa la 4 walikuwa magari, darasa la 2 wakavuka. Watoto walijifunza kwa nusu saa. Kisha tukaita wazazi waliokuwa wanasimama pembeni wakicheka. Kati ya wazazi kumi na mmoja, tisa waligeuza kichwa kushoto kwanza, na "taksi" za watoto zikawagonga kwa furaha kubwa. Na mmoja wetu walimu, hatumtaji, naye aligongwa.

Tutachora tena kila Jumamosi saa nne asubuhi, uwanja uleule. Bibi na babu waje, hasa wale walio na karatasi ya kwenda Mulago. Mje na majivu kidogo kutoka nyumbani, yetu yamekwisha.

Baba jirani yetu atarudi Kampala mwezi ujao kuangaliwa mguu. Safari hii anakwenda na binti yake wa darasa la 4, ambaye ameshamwambia kwamba yeye ndiye atakayemshika mkono, na kwamba baba asitoke ukingoni mpaka yeye aseme.