Bolti za zamu ya usiku

Tarehe 10 Juni 1990, ndege ya British Airways iliyotoka Birmingham kwenda Málaga ilikuwa kwenye futi 17,300 kioo cha mbele, upande wa rubani mkuu, kilipong'oka. Hewa ilimfyatua Tim Lancaster kutoka kitini ikamtoa nje hadi kiunoni. Mhudumu Nigel Ogden alimdaka, kisha wenzake wakapokezana kumshikilia huku rubani msaidizi, Alastair Atchison, akiishusha ndege Southampton. Watu wote 87 walipona, Lancaster akiwemo.

Ujasiri huo unastahili kila sifa. Lakini kinachonisumbua zaidi ni usiku ambao kioo kile kilifungwa, saa 27 kabla ya safari.

Mafundi walikuwa wachache, hivyo msimamizi wa zamu akaifanya kazi mwenyewe. Alichukua bolti ya kioo cha zamani kama sampuli, akatafuta zinazofanana nayo kwa macho, mahali penye mwanga hafifu. Mtunza stoo alikuwa amemtajia saizi sahihi, hakuifuata. Kati ya bolti 90 alizofunga, 84 zilikuwa nyembamba kwa milimita 0.66, na sita zilizobaki zilikuwa fupi. Tena ile sampuli yenyewe haikuwa saizi inayotakiwa: kuna aliyekosea kabla yake, na kosa lile likawa ndilo kipimo.

Ni rahisi kumtupia lawama zote. Mimi nauliza: mkaguzi wa pili alikuwa wapi? Hakuwepo, kwa sababu kanuni hazikumtaka awepo. Kioo hakikuhesabiwa miongoni mwa sehemu nyeti, kwa hiyo aliyekifunga ndiye aliyekipitisha.

Zaidi ya miaka 33 baadaye, Januari 5, 2024, ndege ya Alaska Airlines iliyoruka kutoka Portland ilipoteza kizibo cha mlango angani. Boeing 737 MAX 9 hiyo ilikabidhiwa Oktoba tu. Kiwandani Renton, kizibo kilifunguliwa ili ribiti zirekebishwe, kikarudishwa bila bolti zake nne. Kufunguliwa kwa kizibo hakukuandikwa kwenye kumbukumbu rasmi, na kisichoandikwa mkaguzi hawezi kukifuatilia.

Wachunguzi wa Marekani hawakuishia kwa mafundi. Walisema Boeing ilishindwa kuwapa wafanyakazi wake mafunzo, mwongozo na usimamizi wa kutosha. Hapo ndipo lawama ilipostahili kwenda, na kule Birmingham pia ilistahili kuanzia huko juu.